Zinki ya Mapafu

Iwe imejulikana kwa wote kwamba mwanadamu huzeeka, huugua na mwishowe huota saratani kwa sababu moja tu, nayo ni kutu. Hewa ileile inayoula msumari ndiyo inayoila seli. Kidonge kimoja cha Nuruseli kila asubuhi huizuia kutu hiyo, hata kwa mvutaji wa sigara. Hayo yalitangazwa mwaka wa 2005 na Mkurugenzi wa Kanda wa kampuni ya Nuruseli, katika ukumbi wa hoteli moja mjini Kitengela, mbele ya watu waliovaa tai siku ya Jumamosi.

Dalmas Obonyo alikuwa mmoja wao, na hakuhitaji kusukumwa. Tangu alipotoka Siaya akiwa kijana alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha mabati upande wa Athi River, akisimamia tangi la zinki iliyoyeyuka. Bati liliingia jeusi, likatoka likimeta, kutu isiliweze. Kwa mtu kama huyo, saratani kuwa kutu haikuwa habari. Ilikuwa ni jambo alilolishuku muda mrefu, ila hakuwa na tai ya kulisemea. Akawa wakala. Jioni baada ya kazi alizunguka mitaani na mkoba, akieleza kwamba kidonge ni zinki na mapafu ni mabati.

Mteja wake wa kwanza alikuwa jirani yake katika ploti ya nyumba za kupanga, Haibe, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa Garissa aliyehamia Kitengela na familia yake miaka ya tisini. Haibe alivuta sigara kama anayelipwa kwa kazi hiyo, akakohoa vivyo hivyo. Mkewe, Ruqia, alikuwa na tumaini moja kwa mwaka: Ramadhani. Mwezi huo Haibe hakugusa sigara, mchana wala usiku, na baada ya Idi aliweza kuvuta pumzi safi wiki kadhaa kabla ya kurudi alikotoka. Kila mwaka wiki ziliongezeka kidogo. Ruqia alikuwa akizilea kama kuku wa mayai.

Mwaka huo Haibe aliwasha sigara asubuhi ya Idi, kanzu ikiwa bado na alama za pasi.

"Baba Valerie," Ruqia alimwambia Dalmas mlangoni, bila kukaribia kiti, "ulimpa nini huyu mzee? Nikimwambia aache, anasema mapafu yake yamepakwa rangi."

"Si rangi, Mama Najah. Zinki."

"Sawa. Basi sasa anavuta na ya kesho."

Dalmas alicheka, kwa sababu ilichekesha, kisha akalala vibaya.

Desemba bintiye Valerie alirudi kutoka chuo kikuu, alikokuwa akisomea baiokemia. Akalisoma boksi la Nuruseli pande zote, hata chini.

"Baba, hii unauzia nani?"

"Watu wazima."

"Wanaovuta sigara?"

"Hao ndio wako na kutu mingi."

Valerie akaketi. Alimwambia kwamba habari ya kutu si uongo mtupu: moshi huchoma seli na kuharibu maandishi yake ya ndani, na hapo saratani hupata mlango. Lakini mwili si bati. Wakati mwingine hutumia moto huohuo kuua seli iliyoharibika. Ukiuzima ovyo, pengine unamwokoa mwizi. Tena seli ina mafundi wake wa jua kali ndani: hukatakata vipuri vyake vilivyochakaa, wakaunda vipya. Kazi hiyo huzuia saratani isianze.

"Si basi ni nzuri," alisema Dalmas.

"Ni nzuri mpaka uvimbe ukishaota. Ukikosa chakula, nao huajiri mafundi walewale."

"Na kidonge?"

"Wazungu walishawapa wavutaji sigara vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti. Finland, matokeo yakatoka tisini na nne. Saratani ya mapafu iliongezeka. Na Amerika hivyo hivyo."

"Kwa nini?"

"Bado wanabishana."

"Na mimi nimekulisha karoti tangu nasari."

"Karoti kula, Baba. Shida ni kidonge na sigara."

Dalmas akalirudisha boksi mkobani. Jambo lililomuuma halikuwa Finland. Kila asubuhi kiwandani bati lilioshwa kwa tindikali kabla ya kuingia tangini, kwa maana ukipaka zinki juu ya kutu, kutu inaendelea kula kwa raha zake, tena sasa haionekani. Kazi ya miaka kumi na saba, na alikuwa amempaka rafiki yake bila kumwosha.

Januari, siku ya mnada wa mifugo, akaenda Kisaju. Ukame ulikuwa umekaza. Ng'ombe walisimama kama hema zilizobaki miti. Haibe alikuwa ameegemea boma, sigara mdomoni, karibu na dalali mmoja aitwaye Katoo.

"Sopa, daktari," Katoo alisema.

"Ipa," akaitika Dalmas, Kimaa chake chote kikaishia hapo. "Haibe, ile kitu nilikuuzia, wacha kumeza."

"Imeisha nguvu?"

"Nguvu iko. Sijui inasaidia upande gani."

Akaeleza yote: moto, mafundi, mwizi. Haibe alisikiliza mpaka mahali pa seli kujila.

"Mwili unajila? Huyo msichana umemsomesha uchawi."

"Si uchawi," Katoo alisema, akionyesha ng'ombe kwa fimbo. "Huyu anajila tangu Oktoba. Kwanza amekula mafuta yake, ndiyo imemweka hai. Saa hii anakula nyama. Akimaliza, analala."

Haibe alimtazama ng'ombe, kisha sigara. Kikohozi kikamshika, kirefu, mpaka akashika fito za boma. Hakuna aliyetania.

"Kwa hivyo ulinipaka juu ya kutu," alisema alipopata sauti.

"Nilikupaka juu ya kutu."

"Na wewe ndiye fundi."

"Ndiyo."

"Bure kabisa." Akaikanyaga sigara kwa ndara. "Nitafunga. Sio ya chakula, ya hii. Lakini kila jioni unakuja kwangu kunywa chai, nikutukane. Lazima mdomo ufanye kazi."

Dalmas alikwenda. Alitukanwa kwa Kiswahili, kwa Kisomali, na kwa Kijaluo alichojifunza Haibe kwa ajili hiyo tu. Ruqia aliongeza sukari.

Mvua ziliporudi, Ruqia alimpeleka mumewe Kajiado kupigwa picha ya kifua, Dalmas akafuatana nao bila kuombwa. Daktari aliiinua picha dirishani, akaitazama juu hadi chini, akasema haoni uvimbe. Mzee akae mbali na moshi, arudi wakiwa na wasiwasi.

Kikohozi kilikuwa kimemwacha Haibe mwezi wa Machi. Sigara na Nuruseli alikuwa ameziacha siku moja, Januari, pale mnadani.