Kitambaa Mguuni mwa Amisi

Mwanangu, iko asubuhi moja ambayo hunirudia kila nikimwona huyu mtoto wako akifunua vyungu vyangu. Kaa kidogo nikueleze, maana jana nilikusikia ukisema utamfungia chumbani.

Wakati huo Wabelgiji walikuwa wanatulimisha pamba kwa nguvu, nasi tulikaa kwenye njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare. Amisi wangu, mzaliwa wa kwanza, alikuwa ameanza tu kukimbia. Alitia mikono kwenye unga, alifuata kuku mpaka kwa majirani, na kwa kila kitu aliuliza, "Hii nini?" Mgongoni hakukaa. Nikaenda naye shambani, akachuma pamba changa na kuzipasua aone ndani mna nini. Kapita, yule msimamizi wetu, akaniambia nikimleta tena, mume wangu atachapwa fimbo mbele ya watu. Hakuwa anatania. Shemeji yangu alikuwa ameshachapwa.

Basi nikamwacha kwa mama mkwe. Miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza kumkimbilia mtoto. Akachana kitambaa, akamfunga Amisi mguu kwenye nguzo ya nyumba. Nilipolalamika, mume wangu alisema yeye pia alilelewa hivyo. Ndiyo asubuhi ile ninayokuambia: nikalia njiani, nikaenda kuchuma pamba ya watu.

Mwanzoni mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Baadaye akawa anavuta kitambaa bila kulia. Baadaye akakaa tu. Jioni nikimfungua, alibaki palepale kwenye nguzo. Lile swali lake likaisha. Na majirani, unajua walifanya nini? Walimsifu. Walisema sasa amepata adabu.

Ndipo shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, akaja kutoka Kabambare kutusalimia, akamkuta mtoto amefungwa. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alifungua kile kitambaa, akaweka beseni la maji mbele ya Amisi, na kikombe ndani yake. Amisi hakugusa. Alimtazama mama mkwe usoni, akingoja.

Shangazi akaketi chini, akasema polepole, "Mama, huyu mutoto hana kosa. Kapita anatutesa, na sisi tunamalizia hasira kwa mutoto."

Mama mkwe akajibu, "Miguu yangu iko mubaya. Ningemufuata na nini?"

Hilo nalo lilikuwa kweli, ndiyo maana mpaka leo hasira yangu haijui pa kutua.

Shangazi alikaa nasi mpaka mavuno yakaisha. Alimpa Amisi maharagwe na vikombe viwili, ayamimine huku na huku. Akitengeneza mboga ya sombe, alimwachia majani machache ya muhogo ayachambue. Wakienda mtoni, walitoka mapema, ili mtoto apate kuchuchumaa kwenye kila mstari wa sisimizi. Sokoni alimwambia amwonyeshe samaki wako wapi, chumvi iko wapi. Karibu yote hayo, mwanangu, mama mkwe angeweza kuyafanya akiwa amekaa mkekani. Hatukuwa na mtu wa kutuonyesha.

Amisi akaanza tena kuuliza, lakini alimwuliza shangazi. Mimi alinitazama tu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa ninaondoka kila asubuhi. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Akija kwangu husimama mlangoni mpaka nimwambie akae. Watu husema ana heshima. Mimi naiona ile nguzo.

Kwa hiyo usimfungie. Ukiwa na kazi, mpe naye kazi iliyo sawa na mikono yake: maji, maharagwe, kifuniko cha sufuria. Ukitoka naye, ondoka mapema, umpe nafasi ya kusimama. Akiuliza, mjibu hata kama umechoka, hata kama ni neno moja. Na kama kuna mtu amekuudhi huko nje, mkasirikie huyo huyo. Ukishindwa, niletee mtoto. Miguu yangu sasa imekuwa kama ya mama mkwe, lakini mkeka ninao.

Mungu akupe pumzi ya kumfuata na moyo wa kumsikiliza. Na huyu mtoto wako, amjalie akuulize mpaka uchoke, na akiwa mkubwa aingie kwako bila kungoja kukaribishwa. Amina.