Motokari, Umuambie Tata

Gari langu halifi ovyo, linachagua mahali. Ukilipeleka kwa fundi linanguruma vizuri mpaka unaona haya kwa kumsumbua mtu wa watu. Lipeleke penye macho mengi, hapo ndipo feni inagoma kuzunguka, maji yanachemka ndani ya rejeta, na injini inazimika bila kuaga. Limewahi kuzimika mbele ya kanisa, bibi harusi akiwa ndani na shela lake, wapiga ngoma wakalisukuma huku wakiendelea kuimba. Ni jipe dogo la mtumba, zamani lilikuwa jeupe. Watoto wanaliita jipe. Mume wangu analiita jipu, na anataka nicheke kila mara.

Fundi amebadilisha feni, akabadilisha kidude kinachoiamuru feni izunguke, akabadilisha na rejeta yenyewe. Kila mara anafuta mikono, anasema limepona, na linapona kweli, kwa wiki moja hivi. Nimemgombeza, nimemnunia, nimerudi kwake. Hapa Kolwezi, ukiwa na gari kama hili, fundi anakuwa kama shemeji, huwezi kumkwepa.

Lakini ni langu. Nililinunua kwa kuuza vitenge, kitenge kimoja baada ya kingine. Kabla yake nilikuwa nakwenda kwenye masoko ya Tenke na Fungurume juu ya malori, nimekaa kwenye magunia ya mahindi, hata wakati nina mimba ya mtoto wa pili. Kwa hiyo mume wangu aliposema gari liuzwe nilimtazama kama mtu aliyependekeza nikatwe miguu.

Tulibishana mpaka akatoa mtihani. Jumamosi niende Tenke na kurudi. Likifika bila kufa, libaki. Likifa njiani, linauzwa jioni ileile. Mnunuzi alikuwepo tayari, mfanyabiashara jirani yetu, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka upande wa Maniema, mtu mpole anayependa kufufua magari. Na shahidi angekuwa baba mkwe wangu, kwa sababu alitaka kumwona dada yake huko Tenke. Nilikasirika. Gari langu, petroli yangu, halafu nipangiwe mtihani? Lakini nilikubali, kwa kiburi tu.

Tatizo lilikuwa moja. Ukoo wa mume wangu ni watu wa Kasai, na kwao mke wa mtoto hazungumzi na baba mkwe uso kwa uso. Maneno yanapita kwa mtu wa tatu. Mzee anaishi kwetu tangu alipofiwa na mkewe, na hadi leo nikitaka kumkaribisha mezani namwambia mtoto, "Umuambie tata chakula kiko tayari," na tata amekaa palepale, masikio yake mazima kabisa. Siku ile mtoto wa kubeba maneno aliamka na homa. Mume wangu alikuwa zamu mgodini. Tukaondoka wawili, mimi kwenye usukani, yeye nyuma kabisa pembeni, koti, tai, kofia juu ya magoti, anaangalia dirishani kana kwamba gari linajiendesha lenyewe.

Tulipoyaacha malori ya madini nyuma, mshale wa joto ukaanza kupanda. Fundi alikuwa amenipa dawa yake: mshale ukipanda, fungua hewa ya moto ya ndani, itapunguza joto la injini. Ulikuwa mwezi wa kumi, kabla ya mvua, jua la kupasua mawe. Nikafungua. Moto ukaingia ndani kama tumeinamia sufuria. Kwenye kioo nilimwona mzee analegeza tai, anafuta shingo, anafungua mdomo na kuufunga, maana hakuwa na wa kumtuma.

Halafu nikasikia anakohoa.

"Motokari," alisema kwa adabu sana, "umuambie mama, mi nilitumika ku furu ya shaba myaka mingi. Lakini furu yetu ilikuwaka na mulango."

Tanuri la kuyeyushia shaba, nalo lilikuwa na mlango! Nusura niliingize gari mtaroni. Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikajikaza nisicheke, kisha nikaigonga dashibodi kidogo kama unavyomwamsha mtu. Nikaiomba motokari imuambie tata anisamehe, ni dawa ya fundi, na kama anaweza ateremshe kioo. Akateremsha.

Basi ikawa hivyo. Mzee aliiuliza motokari kama mama amechoka. Motokari ikajibu kwa mdomo wangu kwamba hajachoka. Motokari ikamuuliza tata kama sombe, yale majani ya muhogo ya jana, ilikuwa na pilipili nyingi. Tata akaiambia kwamba pilipili ilizidi, tena si jana tu, lakini mgeni halalamiki. Niliudhika kidogo kwa hilo neno mgeni, na motokari ikamwambia hivyo.

Karibu na Tenke likazimika. Nilijua kwamba mtihani umekwisha, nikaliacha lijivute mpaka kando ya barabara. Mzee alishuka, akasimama mbele ya boneti lililokuwa likitoa mvuke, akainama na kuanza kulisemesha taratibu, kuliambia pole. Dereva wa lori aliyesimama kutupa maji alimtazama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzee wangu ni mzima. Nikasema ni mzima. Aliacha dumu la maji na kuondoka bila kungoja asante.

Tukingoja lipoe, tulikaa kila mtu upande wake wa gari, yeye kivulini, mimi juani. Niliieleza motokari habari za magunia, za mimba, za mvua iliyoniloweshea mzigo wote wa vitenge. Nilisema yote kwa sauti.

"Motokari," alisema mzee, "umuambie mama, mi sikukuwa najua."

Kisha akaieleza habari za mkewe, namna alivyokuwa akimgombeza asubuhi kwa kuacha viatu mlangoni. Lilipopoa tukalijaza maji, likawaka, akafika kumwona dada yake Tenke. Wakati wa kurudi aliendelea kusimulia, nami nilikuwa naendesha polepole, na si kwa ajili ya injini peke yake.

Lilizimika mara ya mwisho langoni kwetu, mbele ya mume wangu na mnunuzi waliokuwa wamekaa uani wakitungoja. Mvuke ulipanda juu ya ukuta. Mume wangu hakuficha kicheko. Alimpa baba yake kiti, akamuuliza kama jipu lilikufa njiani. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jikoni na funguo mkononi, tayari kuzitoa.

"Haikufa," alisema mzee. "Ilikuwa inapumuzika."

Jirani alitabasamu. Mume wangu alionyesha mvuke kwa kidole na kumwambia baba yake kwamba macho hayadanganyi, gari hili litauzwa. Mzee alivua kofia na kuiweka juu ya goti.

"Musiuzishe," alisema. "Tangu mama yako alikufa, mu hii nyumba paka ile motokari njo inanijibiaka."

Kumbe katika nyumba nzima gari peke yake ndilo lililokuwa likimjibu. Jirani akasimama taratibu, akatuaga, akasema ana magari mengine ya kutazama. Mume wangu alibaki ameshika kiti chake kwa nyuma, nami nikazifunga funguo kwenye pindo la kitenge changu.