Mcheri wa Haruno

Mikono ya Kimie ilizoea msumeno kuliko sindano, na ulimi wake ulikuwa na meno makali kuliko huo msumeno wenyewe. Kila mwaka, theluji ikiwa bado magotini, alipanda ngazi katika shamba lake la mitufaha chini ya Mlima Iwaki, akapunguza matawi huku akiyagombeza kama watoto watoro. Majirani walimpenda, ila walimpenda zaidi akiwa juu ya ngazi, mbali kidogo.

Majira yale ya baridi kilichomnyima raha hakikuwa chake. Kilikuwa mcheri wa jirani yake Tomezo, mti wa maua ulioinamia barabara mbele ya nyumba. Aliyeupanda ni Haruno, mkewe Tomezo, alipoletwa pale bi harusi. Haruno na Kimie walikuwa chanda na pete tangu usichana wao, ndiyo maana Kimie na Tomezo waliitana shemeji na kutukanana bila kununiana. Haruno sasa alikuwa marehemu. Kila maua yalipochanua, majirani walitandika mikeka chini ya mti wake, wakala, wakanywa pombe ya mchele, wakamkumbuka.

Lakini mti ulikuwa mgonjwa. Matawini vilikuwa vimeota vichaka vya vijiti vilivyosongamana, utadhani mtu kachomeka fagio. Watu wa pale huviita viota vya tengu, lile zimwi la milimani lenye pua ndefu. Kimie hakutaka kumsingizia zimwi wa watu. Ule ulikuwa ukungu, ugonjwa wa kuvu. Tawi likishikwa halitoi ua. Wenzake wakichanua, lenyewe linatoa majani matupu, tena yaliyokunjamana, kisha chini ya majani hayo hutanda unga mweupe ambao upepo unauchukua hadi mti wa pili. Hakuna ujanja ila kukata wakati wa baridi, kabla jani halijafunguka, na kukichoma kilichokatwa.

Siku mwenyekiti wa mtaa alipotoa neno lake, Kimie alimfuata Tomezo moja kwa moja shambani.

"Shemeji, shuka. Mwenyekiti kasema theluji ikiyeyuka na vile viota bado vipo, wanauangusha mti wa Haruno. Mzima! Wanaogopa utaambukiza ile safu ya micheri ya mtoni."

Tomezo hakushuka. Alikuwa juu ya mtufaha, anakata kushoto na kulia kama kinyozi siku ya sikukuu.

"Wahenga walisemaje? Mpumbavu ni yule anayekata mcheri, na mpumbavu ni yule asiyekata mplamu. Mimi upumbavu sijauanza."

"Na hiyo unayofanya sasa hivi ni nini?"

"Huu mtufaha."

"Mtufaha na mcheri si ndugu? Huyu akiumia unampaka dawa, ndugu yake unamwacha aoze!"

"Mcheri ukikatwa ndio unaoza. Kila mtu anajua."

"Unaoza ukiacha kidonda wazi, mzee wee! Ukikipaka dawa hauozi. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Msumeno wa Tomezo ukanyamaza. "Kila tawi la mti ule lilipita mkononi mwa Haruno," alisema, sauti imeshuka. "Siwezi, shemeji."

Hapo mtu mwingine angenyamaza. Kimie akasema, "Angekuwepo angekuchapa kwa hilohilo fagio la tengu." Tomezo akamwambia aende zake, na safari hii hakuwa akitania.

Kimie alirudi nyumbani roho inamuuma. Langoni kwake aliinama, kama alivyozoea, kupita chini ya mplamu uliokuwa umelifunika lango nusu yake, tawi likamvua kilemba, akakiokota akaingia ndani. Alikaa na chai yake hadi ikapoa. Alijua amevuka mpaka. Alijua pia kwamba mti hauponi kwa mtu kuomba radhi.

Asubuhi, Tomezo akiwa shambani, Kimie alichukua kisu akaenda kuiba. Alikata tawi moja dogo la mcheri lenye panda: upande mmoja vijiti vya ukungu, upande wa pili vijiti vizima vyenye vitumba. Akaingia kwa Tomezo, maana milango ya mtaa ule haifungwi, akalitia katika chupa ya maji kwenye kijimeza chenye picha ya Haruno, pale marehemu anapotengewa chakula kila siku.

Jioni kelele zilisikika hadi barabarani.

"Mwizi! Mwizi wa miti wewe!"

"Haya, kalitoe basi!"

Tomezo hakulitoa. Kitu kilichowekwa mbele ya Haruno hakikuondolewa na mkono wake. Hilo Kimie alilijua vizuri, na ndilo alilolitegemea. Mzee alinuna. Walipopishana barabarani alitazama mlima. Lakini kila asubuhi alipompelekea mkewe wali na chai, ilimbidi alitazame lile tawi, na chumba kilikuwa na moto, na vitumba vilidhani baridi imekwisha. Upande mmoja ulichanua, maua meupe yenye wekundu kidogo. Upande wa pili ulitoa majani, yamejikunja.

Tomezo alikuja kugonga kwa Kimie theluji ikiwa imeanza kulainika.

"Nimeona," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Lete ngazi yako, yangu inacheza."

Walikata kutwa nzima. Tomezo alishika ngazi na kulalamika. Kimie alikata na kupaka dawa kila kidonda. Tawi la mwisho, kubwa kuliko yote, alimpisha Tomezo alikate mwenyewe. Walichoma vile viota uani, na mti ukabaki na vipara, sura haitamaniki. Mwenyekiti alikuja, akauzunguka akitafuta kiota, hakukiona, akaondoka. Usiku ule Kimie hakulala vizuri. Kama amekosea, Haruno atakufa mara ya pili.

Maua yalikuja. Hayakuwa mengi, ila hapakuwa na tawi hata moja lililobaki bila ua. Watu walitandika mikeka, na Kimie akalia waziwazi, pua na macho, bila kujificha.

Tomezo alikata tonge la wali alilopewa na Kimie, akachungulia ndani. "Samaki? Zamani matonge yako yalikuwa na plamu ya chumvi."

"Mti wangu hauzai siku hizi."

"Hauzai, au haukatwi?" Tomezo akatafuna taratibu. "Tangu Eisaku atutoke, nani kaugusa? Wahenga walitaja wapumbavu wawili, shemeji. Wewe peke yako umewatimiza wote."

Watu wakacheka. Kimie akapapasa kilemba chake. Eisaku alikuwa mumewe. Nyani haoni kundule, na yeye miaka yote hiyo alikuwa akiinama langoni kwake bila kujiuliza kwa nini.

Majani yalipopukutika na matufaha yakaisha kuvunwa, Tomezo alifika na ngazi yake mbovu na msumeno aliounoa.

"Nikukatie?"

"Shika ngazi tu," alisema Kimie.

Alikaa juu muda mrefu kabla ya kuanza, na Tomezo akaikaza ngazi kwa mikono miwili. La kwanza kuanguka lilikuwa lile tawi lililokuwa likimvua kilemba. Tomezo akaliinua, akachagua kijiti kimoja chenye vitumba, akakikata na kumpa.

"Hiki kampelekee Eisaku," alisema. "Kitachanua kabla theluji haijaisha."