Nilishika mic nikasema nimechoka kuishi, watu wakanipigia makofi

Wakuu, natumai mko salama. Leo nimeshiba samaki, watoto wako shule, akili imetulia, kwa hivyo wacha niwape kisa changu. Sijaongeza chumvi. Mke wangu amesoma kabla nipost na ametoa sehemu mbili tu, zile nilimsifu sana.

Kazi yangu ni MC. Nakaa upande wa Homa Bay, lakini kutoka Mbita mpaka Migori, kama umeenda harusi, harambee au matanga, kuna uwezekano umenisikia. Matanga ndio mengi. Huku kwetu mazishi bila MC ni kama ugali bila mboga. Watu watakula, lakini watalalamika njia nzima.

Mwaka juzi mama yangu akafariki. Kila mtu akasema, kwani tutafute MC wapi na tuko naye hapa bomani?

Basi nikashika mic kwa mazishi ya mama yangu mwenyewe. Nikapanga wazungumzaji, nikawanyamazisha wale mashemeji hawajui kuachilia mic, nikachekesha waombolezaji. Watu wakasema hawajaona mazishi yamepangwa hivyo.

Mimi sikulia. Ningelia saa ngapi na programu iko mkononi?

Baada ya hapo mambo yakaharibika polepole. Usingizi ukapotea. Chakula nakula nusu, ile nyingine namwachia mbwa. Kazini niko sawa, lakini nikifika nyumbani nakaa kwa kiti na viatu mguuni, kuvua naona kazi kubwa. Mke wangu anafundisha Rusinga, anakuja weekend, na weekend ndio mimi niko kwa sherehe za watu. Tulikuwa tunapishana mlangoni.

Halafu fikra za kufa zikaanza. Naandika wazi kwa sababu wakati ule sikuweza hata kuzitaja kichwani. Nilikuwa naona kufa kama kupumzika.

Najua kuna mtu atauliza mbona sikuambia mtu. Bana, mimi niliambia harusi nzima.

Kwa wasiojua, sisi Waluo tuna pakruok. Ni kujisifu mbele ya watu. Unasimamisha muziki, unajitaja kwa majina makubwa, watu wanaitikia kwa kelele, halafu kinanda kinaendelea. Yangu inajulikana ("wuod" ni mwana wa, na Asumbi ndio kwetu): "Mimi wuod Asumbi, mdomo usiolala, nikinyamaza mji unaulizana."

Siku hiyo tulikuwa harusi Mbita. Nikasimamisha muziki. Sijui maneno yalitoka wapi, lakini nilisema: "Mimi wuod Asumbi, mtu amechoka kuishi, nikiondoka kesho hakuna kitu itapungua."

Wakuu, hema lilitetemeka kwa makofi. Mtu wa kinanda akapiga ile noti ndefu. Shangazi ya bwana harusi akaja akanibandika noti ya pesa kwa paji la uso. Nikacheka nao. Ndani nilijihisi mpweke kuliko siku zote.

Siwalaumu. Ukiongea ukweli kwa pakruok, nani atajua ni ukweli?

Mtu akarekodi, video ikafika kwa group ya familia. Emoji za kucheka mpaka chini. Dada yangu Achieng, ambaye anauza mitumba Migori, hakuandika kitu. Kesho yake mchana nikamwona kwa mlango wangu, amefunga kibanda siku ya soko. Mnajua mtu wa mitumba hafungi siku ya soko.

Akaketi. Hata maji hakuitisha.

"Omera, ndugu yangu, nimeona video. Watu wamecheka. Mimi sijacheka."

Nikaanza utani wangu. Akaninyamazisha na mkono.

"Nakuuliza, na unijibu vile ungemjibu mama. Unafikiria kujiua?"

Kwetu hilo neno halitajwi. Wazee wanasema ukilitaja umeliita. Hata akifa mtu hivyo, tunazunguka tu, "alipata ajali", "aliugua ghafla". Mimi mwenyewe nimezungukia hivyo kwa mic mara nyingi. Achieng alilitaja wazi.

Nikasema, "Ndio."

Hakupiga nduru. Hakuita mchungaji. Alisema tu, "Sawa. Basi leo sirudi Migori."

Akatafuta kwa simu, akapata namba ya bure ya kusaidia watu wa hali kama yangu, akaweka loudspeaker. Akaongea msichana mwenye sauti ya upole. Mimi na umaarufu wangu nikamtupia joke. Akacheka kidogo, akasema, "Hiyo ni nzuri. Sasa niambie ile haichekeshi." Hapo ndio nilianza kulia, na sikuweza kuacha.

Asubuhi Achieng akanipeleka hospitali, kliniki ya afya ya akili. Nilitamani kuvaa helmet ndani nisitambulike. Tukiwa kwa foleni, mzee mmoja akanitambua.

"MC! Nani amekufa?"

Si mnaona shida ya hii kazi. Nikamwambia, "Hakuna mzee. Tunajaribu asikufe mtu."

Akaniangalia, akasogea kwa benchi nikae. Kumbe naye alikuwa kwa foleni hiyo hiyo.

Nilipewa dawa, nikapewa counsellor. Mjomba alisema ni chira, laana ya kuvunja mila, akataka nisafishwe. Sikubishana naye. Nilimwacha aombe yake na nikameza dawa yangu. Counsellor naye aliniuliza swali moja ambalo bado nalifikiria: "Ulisaidia wote kulia. Wewe ulilia lini?"

Kwa hivyo mimi na Achieng tukaenda Asumbi, kwa kaburi la mama. Hakuna hema, hakuna spika. Tulilia mpaka jirani akatuletea chai.

Haikuisha siku moja. Kuna wiki nilirudi nyuma. Lakini siku hizi nalala, Jumapili sichukui kazi, na viatu navua mlangoni.

Sasa juzi niko harusi Rusinga. Jamaa mmoja, baba wa watoto, akasimamisha muziki: "Mimi ndiye yule hata simu yake haiiti, hata mbwa wake hamjui tena." Watu wakaanza kelele.

Nikamwonyesha mtu wa kinanda mkono, asipige. Nikaweka mic chini, nikaenda nikamvuta kando, nikamuuliza kwa sikio vile Achieng aliniuliza. Alinishika mkono, akakataa kuuachilia.

Tukakaa nyuma ya hema. Tukapiga ile namba pamoja, na kesho yake nikampeleka kliniki mwenyewe. Harusi ilikaa bila MC, keki ikakatwa kabla ya sala, mama ya bibi harusi akaninunia. Ni sawa. Huyo jamaa jana amenitumia picha ya samaki ameshika, anajisifu ujinga tu.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akisema amechoka kuishi, hata kama amesema na midundo, usimpigie makofi. Muulize, na utaje neno lenyewe. Kuuliza hakuiti kifo. Halafu usimwache peke yake mpaka apate msaada.

Nanyi mmepitia nini? Leteni hapa chini, leo sina kazi, nasoma zote. Na kama ni wewe uko pale nilikuwa, piga namba za msaada au nenda hospitali leo, halafu uje utuambie. Huku hakuna kinanda, tutakusikia.