Puto Lililoacha Kupumua

Puto liliacha kupumua saa saba mchana, mbele ya macho yangu, na king'ora hakikulia.

Wakuu, msicheke. Kwetu puto ndilo pafu. Karakana yetu inatengeneza mashine za kuwapumulia wagonjwa, na kila moja tunaijaribu kwa puto la mpira.

Programu iliyokuwa ndani niliirekebisha mimi, asubuhi ileile. Na mashine niliyoiwekea, kwa nilivyojua, ilikuwa imeshapelekwa hospitali, kwa dada yangu.

Shemeji alinipigia alfajiri.

"Mashine za hapa zote zina watu. Leta ya kwenu, shemeji, dada yako anatutoka!"

Bosi alishasema hakuna mashine itatoka bila programu mpya. Na programu mpya ilikuwa inagoma. Kosa moja tu, ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, sehemu ya kufuli.

Makufuli huko ni ya kupeana zamu, ili pampu na king'ora visigombanie kitu kimoja. Kompyuta ilinikatalia katakata: unashika kufuli la pili hujaachia la kwanza.

Nilikodoa macho, sikuona kosa. Nikafanya ujinga. Nikaiamuru kompyuta isikague sehemu ile.

Ikapita. Nikajiona fundi!

Nikakimbia kwa mama anayefunga maboksi. Tunamwita Mama Saa Nzima, maana haachii mashine mpaka ipumue saa nzima mezani kwake. Tulikuwa tunamcheka sana.

"Mama, leo iruke hiyo saa yako. Dada yangu anakufa."

Akanitazama usoni, kisha mikononi.

"Haya, mwanangu."

Boksi likapakiwa, gari likaondoka.

Dakika arobaini baadaye nikapita mezani kwake. Kulikuwa na mashine inajaribiwa, na puto likalala nikilitazama. Kioo kilionyesha programu yangu.

Nikaelewa papo hapo. Pampu imeshika kufuli moja inasubiri la king'ora, king'ora kimeshika la kwake kinasubiri la pampu. Vyote kimya. Mgonjwa angekata roho na muuguzi asijue.

Nikampigia shemeji. Hapokei. Nikapiga tena. Hapokei. Nikakaa chini sakafuni.

"Mama, nimemuua dada yangu!"

"Umemuua na nini? Mashine yako si hii hapa?"

"Na iliyoondoka?"

"Ya stoo, yenye programu ya zamani, iliyokwisha kupumua saa yake. Wewe mikono ilikuwa inatetemeka hata kalamu huwezi kushika. Ningekuamini vipi? Bosi nitamjibu mimi."

Simu ikaita. Shemeji.

"Nilikuwa wodini. Amefungwa mashine, anapumua."

Nililia kwa sauti, watu wazima wananitazama.

Dada alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Mpaka leo ananisifia kwa watu kwamba nilimwokoa, na mimi nainamisha kichwa.

Ndugu zangu, kitu kikikugomea, kiulize sababu kabla hujakiziba mdomo. Siku ile kompyuta na yule mama walikuwa wanamlinda dada yangu, na aliyetaka kuwanyamazisha wote wawili ni mimi.