Hema Chini ya Mti wa Tantine

Jamani, hii nasimulia mwenyewe na aibu zangu zote, kwa sababu mashemeji wameshaieneza Mangobo nzima, mtaa wetu, na kila anayeisimulia ananivua nguo moja zaidi. Ukweli ni kwamba nilibaki na kaptula ya ndani, tena ilikuwa safi.

Bon. Nilitaka kumwoa Sifa. Baba yake ni marehemu, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la Tonton Dieudonné, mdogo wa baba, naye akasema kabla ya kunijibu twende kwanza tukapige kambi siku mbili kwenye ziwa dogo lililo msituni upande wa Yanonge, mahali pametulia, vijia na maji tu, anione nikiwa mbali na mji. Mimi ni fundi wa simu, pori ninalolijua ni majani ya nyuma ya choo chetu, lakini aliponiuliza kama nimezoea msitu mdomo ukanitangulia: "Pori? Pori njo kwangu, Tonton!"

Tulifika asubuhi. Tonton na Sifa wakaenda kutembea kando ya ziwa, mimi nikabaki kusimamisha hema (la kuazima, zipu inafunga nusu halafu inachoka). Jua kali! Nikaona mti mmoja mkubwa wenye kivuli kizuri, chini yake pamefagiliwa safi kabisa, nikajisemea Mungu anawapenda mafundi. (Mwenye akili angejiuliza ni nani anayefagia pori.) Kwenye shina palifungwa kifungu cha majani, na mimi nilitaka kufunga kamba ya hema palepale, basi nikakikata kwa kisu, majani nikayatupa, kisu nikakichomeka shinani. Kosa langu ni hilo tu, mengine yalijileta.

Huku kwetu, mtu akiona mti una mbinzo, wale viwavi tunaokula, anafagia chini yake na kufunga majani shinani, na mti ni wake, hakuna wa kuugusa, anangoja siku watakaposhuka wenyewe. Kila mtu anajua hivyo. Ila mimi mbinzo nimezoea kuwaona sokoni, wamekauka, wametulia.

Nikajilaza hemani kidogo, usingizi ukanichukua. Nilishtuka kitu kinapanda pajani, kingine tumboni, kufumbua macho hema zima linatembea! Suruali nikairusha sijui wapi, nikatoka mbio, kumbe kamba zimenizunguka miguu, basi tukatoka pamoja mimi na hema, napiga kelele "Mama yangu! Nyoka! Nyoka!" moja kwa moja mpaka ziwani, chubwi!

Nilipoinua kichwa, ufukweni wamesimama Tonton, Sifa, na wanawake watano na mabeseni yao. Mbinzo walikuwa wanaelea kunizunguka.

"Nani alikata alama yangu ku muti?" akauliza mama mmoja mnene.

"Upepo, mama."

"Upepo iko na kisu?" (Kisu changu kilikuwa bado kimechomekwa shinani.)

Tonton akakohoa. "Huyu njo dada yangu mukubwa, tantine ya Sifa. Muti ni yake."

Niliona kabisa Sifa ananiponyoka, na nilipomtazama anisaidie, alikuwa amekaa chini anacheka mpaka machozi.

"Tantine, unisamehe," nikasema. "Mimi ni mutu ya telefone. Pori siijui. Nilidanganya Tonton."

Tantine akanitupia kitenge. "Alors, funga kiunoni, okota."

Nikaokota mchana kutwa, na kila kiwavi akijinyonganyonga mkononi mimi naruka, na kila nikiruka wale mama wanashikana mabega kwa kicheko.

Jioni Tonton akaketi na karatasi, akaandika weee, akanipa nisome. Ilikuwa orodha ya mahari, na chini kabisa: beseni moja la mbinzo, bwana harusi aokote mwenyewe. Nikataka kulalamika, kisha ikaniingia: mtu aliyekataliwa hapewi orodha! Nikaruka kumkumbatia Tonton kwa mikono miwili, na kitenge nacho kikabaki chini.

Tangu siku ile nimeapa: mtu akiniuliza kama najua jambo, namjibu sijui. Na msimu ujao nitaenda kuokota nimevaa mkanda.