Mama Mkwe na Swichi ya Ukutani

Nyumbani kwangu Korogwe kuna mtandao. Nasema hivyo kwa majivuno ambayo mke wangu ameshayazoea, kama alivyozoea kukoroma kwangu. Simaanishi intaneti, ambayo siku hizi hata muuza mihogo anayo kwenye simu. Namaanisha waya nilioupitisha darini kwa mikono yangu, kutoka king'amuzi cha sebuleni hadi kompyuta iliyoko chumba cha nyuma, katikati kukiwa na kisanduku chenye taa za kijani. King'amuzi kinapokea matangazo ya dishi lililo juu ya bati na kuyarekodi kwenye diski iliyo ndani yake, na kompyuta inaweza kuivuta rekodi hiyo kupitia waya bila mtu kunyanyuka kitini. Mke wangu aliwahi kuniuliza ni hatua ngapi kutoka sebuleni hadi chumba cha nyuma. Ni hatua tisa.

Kwa miaka miwili mtandao huo ulinisaidia kuhifadhi mechi ambazo sikuzitazama tena. Kisha mama mkwe akaja.

Alitoka Kwaluguru, upande wa Handeni, kuja kutolewa mtoto wa jicho, na ilibidi akae kwetu wiki tatu. Mimi ni mtu wa Kerenge, na kwetu kama ilivyo kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Mnasalimiana kwa mbali, macho yakiwa chini. Hamkai kochi moja wala hamli meza moja. Neno lenye ubishi halisemwi uso kwa uso, linapitishwa kwa mtu wa tatu. Nimesoma chuo kikuu, na nimewahi kuandika makala ndefu nikidai kwamba mila za namna hii zitazamwe upya. Lakini siku aliyofika nilitokea mlango wa jikoni na kuzunguka nyumba nzima ili tu nisipishane naye kwenye korido.

Pamoja na jicho, alikuja na jambo lingine. Miezi michache kabla, watu wa televisheni walifika Kwaluguru kutengeneza kipindi cha wakulima. Mama mkwe na wanawake wenzake wana kikundi cha kutunza mbegu za zamani za mahindi. Hawaziweki kwenye magunia. Wanachagua magunzi mazuri yenye punje zake, wanayafunga pamoja kwa maganda yake na kuyatundika juu ya jiko, moshi uyapige msimu mzima, na hakuna mdudu anayethubutu. Wale watu wakampiga picha kutwa nzima, akieleza. Walipoondoka, jirani yake mmoja, mwanamke wa rika lake ambaye wamekuwa wakitaniana na kuchokozana tangu wakiwa wasichana, akamwambia mbele ya kikundi kizima, "Watakukata wewe, waweke mahindi."

Mama mkwe alijibu kwamba hatarudi kutoka Korogwe bila kipindi chenyewe mkononi, na kila mtu atakitazama kwa macho yake. Upande wa kijiji anakoishi hakuna dishi hata moja, na kituo kile hakina mazoea ya kuweka vipindi vyake mtandaoni. Kwa hiyo ahadi yote ikaangukia waya wangu wa darini. Mke wangu alipoileta habari hiyo chumbani, nilijitahidi kuonyesha wasiwasi. Ukweli ni kwamba nilifurahi sana. Hatimaye kuna mtu alikuwa na shida na zile hatua tisa.

Kipindi kilipangwa kuonyeshwa Alhamisi saa nane mchana, na kurudiwa mara moja tu, Jumapili asubuhi. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kwenda hospitali kufunguliwa bandeji. Nilikipanga king'amuzi kirekodi chenyewe, nikakagua mara tatu, kisha tukaondoka wote kwa bajaji, mimi nikiwa nimebanana na dereva mbele ili kuheshimu mila.

Tuliporudi alasiri, televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua. King'amuzi kilikuwa na kitambaa chake kidogo cha kufanana nacho. Plagi ilikuwa sakafuni, na waya wake ulikuwa umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Swichi ya ukutani ilikuwa imezimwa.

Mama mkwe ndiye aliyetoka nyumbani wa mwisho. Na hakufanya kosa lolote ambalo watu wa huku hawalifanyi kila siku. Huondoki ukaacha vyombo vya watu vinakunywa umeme. Unazima, unachomoa, unafunika, hasa ukiwa mgeni, hasa ukiwa ukweni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeviona vile vitambaa siku za nyuma na kusema moyoni kwamba mama huyu ana adabu.

Nilimnong'oneza mke wangu amwambie mama yake kwamba umeme ulikatika. Akaenda chumbani kwake, akarudi.

"Mama anasema umeme haukukatika, yeye ndiye alichomoa. Anauliza kama kuna shida."

"Mwambie hakuna shida."

Akaenda, akarudi. "Anasema kama hakuna shida, mbona umejishika kichwa."

Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi kidogo. Jicho lile jipya lilikuwa limeanza kazi.

Mke wangu akamweleza ukweli. Jioni ile mama mkwe hakutoka kula. Tulimsikia akipiga simu Kwaluguru, akiuliza habari za mbuzi, na za mvua, na za mbuzi tena, bila kugusia kipindi hata kidogo. Mke wangu akaniambia kwamba nikirekodi vibaya Jumapili, mama yake ataongeza siku za kukaa kwetu, si kwa sababu ya jicho, bali kwa sababu hatakuwa na uso wa kurudi nao. Pia akaniuliza kwa nini tusiirekodi tu ile televisheni kwa simu, kama watu wengine wanavyofanya. Nilimweleza kwa utulivu tofauti kati ya rekodi halisi na picha ya simu yenye sauti za kuku. Nilimweleza kwa muda mrefu. Alilala kabla sijafika kwenye kuku.

Jumapili asubuhi nilikaa mbele ya king'amuzi nusu saa kabla. Mama mkwe alikaa upande wa pili wa sebule, kwenye mkeka, uso akiwa ameuelekeza kwenye televisheni na ubavu kwangu. Milima ya Usambara ilikuwa imepotea ndani ya wingu jeusi. Kipindi kikaanza, taa nyekundu ya kurekodi ikawaka, tukaiona njia ya Kwaluguru, tukauona msikiti, tukaona mahindi. Mahindi mengi. Yeye bado. Nikamhisi anahesabu.

Ndipo radi ikapiga mara ya kwanza.

Kila nyumba ya huku inajua la kufanya radi ikipiga. Mke wangu alikuwa ameshafunika kioo cha korido kwa kanga. Simu zote zilizimwa, hata ile ambayo ingetuokoa kwa sauti za kuku. Kilichobaki ni plagi ya televisheni na king'amuzi, na mama mkwe akasimama.

Nami nikasimama. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu yote nilijikuta nimemzibia njia mama mkwe, mgongo wangu ukiwa kwenye soketi. Nikamwita mke wangu, aliyekuwa uani akianua nguo, nikamwomba amwambie mama kwamba radi iko mbali sana, iko Lushoto. Akajibu huko huko kwenye mvua kwamba nimwambie mwenyewe, mikono yake imejaa.

Radi ikapiga tena, na haikuwa Lushoto.

"Baba," akasema mama mkwe. Hakuwahi kuniambia neno lolote zaidi ya kuitikia shikamoo yangu. "Ondoka hapo. Radi haijui digrii."

Nilitazama miguu yake. "Mama, nikichomoa sasa, Kwaluguru hawatakuona."

Nyuma yangu, kwenye televisheni, sauti ikaanza kueleza kwamba gunzi la mbegu huchaguliwa shambani, si nyumbani, na ilikuwa sauti yake. Aliinama kidogo pembeni yangu ili aone. Sijui aliona nini, maana nilikuwa naangalia sakafu, lakini akarudi taratibu kwenye mkeka, akauvuta katikati ya chumba, mbali na kuta zote.

"Na wewe toka hapo ukutani," akasema. "Ukifa, nani ataivuta hiyo rekodi?"

Nikatoka. Tukakaa wote wawili katikati ya sebule, yeye kwenye mkeka, mimi kwenye sakafu tupu ili kulinda mila iliyobaki. Dishi halipendi mvua kubwa. Mama mkwe alionekana kwa dakika moja safi, ameshika fungu la magunzi, kisha uso wake ukagawanyika vipande vya mraba, mdomo ukabaki wazi, sauti ikapotea. Maandishi yakatuarifu kwamba hakuna mawimbi. Yalipoondoka, alikuwa anamalizia neno la mwisho na kutabasamu, mahindi yametundikwa nyuma yake. Kipindi kikaisha. Taa nyekundu ikazimika.

Sasa ikabaki kuivuta. Nilikwenda chumba cha nyuma na kuiamuru kompyuta ilete faili, na kompyuta ikaniarifu kwamba haikioni king'amuzi. Nilipanda darini na tochi. Panya walikuwa wamekula waya wangu sehemu mbili, na kwa hali ya meno yale, si juzi wala jana. Miezi yote ile nilikuwa najivunia waya uliokufa. Ikabidi faili lipite hewani kupitia kile kisanduku cha taa za kijani, kutoboa kuta mbili za matofali, na hatua zile tisa zikachukua mchana mzima.

Mstari wa kuonyesha kazi ilipofikia ulikuwa unasogea kama jongoo. Mama mkwe alipoelezwa kwamba mstari ule ndiye yeye anayehama chumba, alichukua mkeka wake akaenda kukaa mbele ya kompyuta. Mimi nikahama. Alikaa pale kama mtu anayeamia ndege kwenye mpunga. Binti yetu alipotaka kupiga pasi sare ya shule, aliambiwa pasi itasubiri. Mke wangu alipoisogelea swichi ya chumba, akaulizwa anatafuta nini. Mama aliyechomoa kila kitu Alhamisi sasa alikuwa ameweka mguu wake mbele ya soketi, na mimi nilipokea taarifa sebuleni kwa njia halali.

"Mama anasema imefika nusu."

"Vizuri."

"Anasema imesimama. Anauliza kama huwa inapumzika."

Ilikuwa inapumzika. Ilipumzika mara nne. Alasiri, kabla ya adhana, mke wangu akaja kusema imefika, na mama ameshaswali swala ya shukurani mapema kidogo.

Tulimrudisha Kwaluguru siku ya Jumanne, kompyuta mpakato ya kuazima, yenye nakala ya kipindi, ikiwa ndani ya mfuko wa sandarusi uliowekwa ndani ya mfuko mwingine, mapajani mwake. Kikundi kizima kilikuwa kimekusanyika uani kwake, pamoja na yule jirani, aliyetuuliza mapema kama mahindi yametoka vizuri. Lakini jua lilikuwa kali, na kioo cha kompyuta kilionyesha nyuso za watazamaji tu. Wakachukua kanga, wakazifunga kwenye nguzo za uchaga, wakatengeneza hema, wakaingia wote na kompyuta yao.

Hapo nikagundua kwamba, kwa mila, wenzake wote wa mama mkwe nao ni mama wakwe zangu. Walikuwa kumi na wawili, ndani ya hema la kanga, wamebanana, na hata ile makala yangu ndefu isingenitetea humo. Sikuingia. Nilichuchumaa nje, nikapenyeza mkono chini ya pindo, mmoja wao akanishika kidole na kukiweka kwenye kitufe sahihi, na kipindi kikaanza.

Nilikisikia tu. Nilisikia wakiutambua msikiti, wakiitambua njia, wakimcheka mbuzi wa mtu. Kisha sauti ya mama mkwe ikatoka kwenye kompyuta, na hema likawa kimya. Gunzi la mbegu huchaguliwa shambani, si nyumbani. Nilijua nini kinakuja. Nilikaa na kuomba faili liwe limejiponya lenyewe njiani. Halikujiponya. Sauti ikakatika.

"Si nilisema," yule jirani akaanza.

"Tulia," akasema mama mkwe. "Hapo mvua ilikuwa inanyesha kwa mkwe wangu."

Kisha akaendelea kueleza, yeye mwenyewe, pale alipokatikia. Kwamba unaacha maganda mawili ya kufungia, unakata mengine. Kwamba magunzi yasigusane sana, moshi upite. Kwamba huleti mbegu ya dukani kuchanganya nayo. Alizungumza bila haraka, na alipofika mwisho, ile sauti nyingine ikarudi kutoka kwenye kompyuta na kumalizia neno lake la mwisho, kana kwamba walikuwa wamepanga. Kwa nje, kupitia kanga, sikuweza kuzitofautisha.

Kisha nikasikia yule jirani akisema, safari hii kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Haya. Mwambie mkwe airudishe. Pale unapokatika."

Nikapenyeza tena mkono chini ya pindo, na kidole changu kikapokelewa.